Namba ya injini haifanani, na ndio maana nimeanza nayo

Hii ni hotuba niliyotoa Jumamosi uani kwangu Mikocheni mbele ya watu waliokuja kuiangalia ile MG ya wazi. Wengi walifika nimeshamaliza, wengine walikua nje wanahangaika na sehemu ya kupaki, kwa hiyo nimekaa nikaiandika kama nilivyoongea. Kiswahili changu ni cha Gerezani, ule mtaa wa mafundi hapa Dar, mtanisamehe.

Wazee wangu shikamooni. Mabosi, mafundi wenzangu, na nyie majirani mnaochungulia ukutani karibuni ndani tu geti liko wazi. Na nyie vijana mliopanda juu ya simtanki shukeni jamani, likipasuka hilo nanunua mimi.

Chai ipo, vitumbua viko pale chini ya mwembe mke wangu kaamka navyo saa kumi alfajiri, ila naomba kitu kimoja tu, mtu akishashika kitumbua asishike gari. Nimepiga msasa hiyo rangi kwa mkono miezi miwili, alama ya kidole chenye mafuta naijua hata usiku.

Sasa najua mmekuja kuona gari na bado nimeifunika shuka. Kabla sijaifunua naomba muangalie hiki nilichoshika. Kaunta buku. Kwaya tatu. Nilinunua Kariakoo 2017 siku ile ile niliyoivuta hii gari kutoka Upanga, na kila kilichofanyika kwenye hii gari kwa miaka sita kimo humu ndani. Peni ya bluu ni kazi iliyoenda sawa, peni nyekundu ni pale nilipoharibu. Mke wangu anasema nyekundu imeizidi bluu, anazidisha, lakini sio sana. Anayenunua gari ananunua na daftari, siuzi moja bila jingine.

Na naanzia ukurasa wa arobaini na moja kwa sababu ndio ule ambao kila mtu alinishauri niuchane. Namba ya injini haifanani na namba iliyotoka nayo kiwandani.

Eeeh. Naona bosi mmoja pale kashusha miwani. Vaa tu bosi wangu, subiri nimalize.

Kwa wale wasiojua hii ni gari gani, maana juzi mjukuu wa jirani kaona ile nembo yenye pembe nane pale mbele akaniuliza babu hii ni MG ya Mchina? Nikamwambia jina ndio hilo hilo mwanangu, na kweli siku hizi linamilikiwa na Wachina, ila hii iliundwa Uingereza mji mdogo unaitwa Abingdon karibu na Oxford. MG ni Morris Garages, ilikua gereji na sehemu ya kuuzia magari kule Oxford, kwa hiyo hata wao walianzia gereji, sio mbali sana na sisi wa Gerezani tofauti yao walikua na sakafu. Hii modeli ni MGB. Walianza kuiunda 1962 wakaacha 1980 na kiwanda chenyewe kikafungwa mwaka huo huo. Ukijumlisha hizi za wazi na zile zenye paa zilitoka zaidi ya laki tano, na sehemu kubwa ikaenda Marekani. Kwa hiyo duniani sio gari adimu, mtu akikwambia MGB ni adimu ujue huyo anauza. Mi nauza pia lakini umri huu kudanganya kunachosha, inabidi ukumbuke ulimwambia nani nini.

Yetu hii ni ya 1966. Kile kibati cha namba ya chesesi kinaanza na GHN3, na hizo herufi zina maana yake, G ni MG, H ni ukubwa wa injini, N ni gari ya wazi ya viti viwili, 3 ni toleo. Injini inaanza na 18GB, yaani cc 1798 ile yenye beringi kuu tano za krenki, yani ule mhimili unaozungushwa na pistoni, maana za mwanzo zilikua na tatu tu wakaja kubadilisha mwishoni mwa 1964. Kwa hiyo aina ya injini ndio yenyewe, umri unaendana, fundi yeyote akifungua boneti hawezi kuona kitu cha ajabu. Ni zile tarakimu zinazofuata ndio sio zake.

Nilijuaje? Kule Uingereza kuna makumbusho yanaitwa British Motor Museum, yako Gaydon, wana madaftari ya kiwanda tangu enzi hizo, unawatumia namba ya chesesi na hela yao wanakutafutia gari yako ilitoka lini, rangi gani, injini namba ngapi, wanakuletea na cheti. Nikalipa. Nilikua nasubiri kile cheti kama mzazi anasubiri matokeo ya darasa la saba. Kikaja. Mwaka sawa. Usukani kulia sawa. Rangi Old English White sawa kabisa, hiyo ndio nyeupe ya tui la nazi mtakayoiona sasa hivi, nami nilikua nimeshaikuta ndani ya buti na chini ya dashibodi baada ya kubandua nyekundu, na chini ya nyekundu bluu, yani hii gari ilivaa nguo kama bibi harusi wa Pwani. Nikafika kwenye injini. Nikasoma. Nikaenda kwenye gari na tochi na kitambaa cha mafuta ya taa nikafuta kile kibati cha ubavuni kwa bloku, yani lile pande kubwa la chuma la injini, nikasoma tena. Nikakaa juu ya tairi la akiba pale sijui nusu saa sijui saa, mpaka mbu wakanifukuza.

Mnajua kwenye hii biashara ya kukusanya magari ya zamani namba ndio kila kitu. Wanasema gari ikiwa na injini yake ya kuzaliwa bei ni nyingine, ikiwa na injini ya kuazima bei ni nyingine. Na sisemi ni uongo, kuna sababu, mtu analipia uhakika kwamba hiki kitu hakijaunganishwa unganishwa na watu wa ajabu. Ila mimi kwanza sikujua hata hiyo injini nyingine imetokea wapi, kwa hiyo nikarudi Upanga.

Gari nililinunua kwa watoto wa marehemu mwenye nayo. Yupo binti yake mkubwa, siku hizi ni mama mtu mzima tu, hapendi atajwe nami namheshimu. Nikamuonyesha cheti nikiwa nimenyong'onyea. Akacheka. Akasema fundi, hiyo injini mbona tunaijua sisi, imekuja na lori la mkaa.

Nikasema mama hebu nikae.

Ni hivi. Mwaka 1979 baba yake anatoka Bagamoyo konrodi, kile chuma kinachounganisha pistoni na krenki, ikakatika ikatoboa bloku, mafuta yote barabarani, gari ikavutwa na trekta. Bloku limetoboka ubavuni halishoneki. Sasa wazee wenzangu mnaukumbuka mwaka 1979, vijana waulizeni wazazi wenu. Nchi ndio inatoka kwenye vita ya Kagera. Pesa za kigeni hakuna, sabuni ya kufulia tu unapanga foleni, uende benki ukaombe kibali cha kuagiza bloku la gari ya viti viwili kutoka Uingereza? Watakuuliza mzee una akili timamu. Na spea za hizi gari miaka yote watu wa Dar walikua wanazifuata Nairobi, lakini mpaka wetu na Kenya ulifungwa 1977 Jumuiya ilipovunjika na ukaja kufunguliwa 1983. Kwa hiyo Nairobi ipo pale pale, spea ziko pale pale, na wewe hufiki.

Basi mzee akakaa na gari juu ya mawe. Akaja kusikia kuna MGB nyingine imepinduka barabara ya Morogoro, bodi imekunjika kama karatasi ila injini nzima, mwenyewe anataka kuhama nchi. Akainunua injini, usafiri hakuna, petroli ya shida, ikapakiwa juu ya lori la mkaa lililokua linakuja mjini. Yule mama wakati huo ana miaka kumi na moja anakumbuka wanaishusha imejaa mkaa mpaka kwenye kabureta, na anakumbuka baba yake anavyoipuliza kwa pampu ya baiskeli. Halafu akaingia ndani akatoka na karatasi, ukurasa wa daftari la shule, umeandikwa kwa mkono kwamba fulani amemuuzia fulani injini moja ya MG namba kadhaa, tarehe, sahihi mbili na stempu ya posta. Namba ndio hii iliyoko kwenye kibati leo. Karatasi ipo humu kwenye kaunta buku nimeiweka kwenye nailoni, mtaiona.

Sasa niambieni. Hiyo ni injini ya kuazima kweli? Kiwanda kiliiweka ile nyingine siku moja mwaka 1966 mtu akaondoka akaenda kunywa chai. Hii ya pili ililetwa juu ya mkaa na mtu aliyeuza sijui kitu gani kuipata. Imekaa kwenye hii gari miaka mingi kuliko ile ya kwanza. Ile ya Abingdon ilikaa miaka kumi na tatu tu!

Na hapo hapo nisimalize bila kusema, alikuja dalali mmoja, kijana mzuri tu anajua kuongea, akaniambia mzee hicho kibati ni ribiti mbili tu, nipe nusu saa nakugongea kipya chenye namba ya kwenye cheti, nakichubua chubua kizeeke, bei inapanda leo leo, nani atajua. Nikamuuliza na lile lori la mkaa utaliweka wapi. Hakunielewa. Akaondoka ananiona mzee nimepotea.

Haya shikeni shuka huko nyuma. Taratibu. Taratibu nimesema.

...

Asanteni. Asanteni. Msisogee wote kwa pamoja.

Sasa kosa mnalofanya wote hapa ni kuangalia rangi. Rangi ni kama poda, hata mkweche ukipigwa rangi unaitikia. Inameni. Mkeka umetandikwa pale pembeni kwa kazi hiyo, wewe bosi mwenye kanzu nitakuletea kioo usichafuke. Hii gari haina chesesi ya peke yake kama Landrover, bodi yenyewe ndio chesesi, na sababu haina paa basi nguvu yote ya gari inabebwa na zile kingo za chini ya milango, pale unaporuka mguu ukiingia. Ndani yake kuna tabaka tatu za bati zimefungana kama kasha. Maji yakiingia hayatoki. Na hewa ya Dar mnaijua, Upanga pale bahari ikipumua unaisikia chumvi mdomoni, na hii gari tangu 1991 ilikaa kwenye banda la makuti linalovuja, kuku wametagia kwenye kiti cha dereva vizazi na vizazi. Nilivyoingiza bisibisi kwenye hizo kingo ikapita kama napima uji.

Kwa hiyo nikakata. Na hapa ndio wekundu wa kwanza, ukurasa wa kumi na tano, mafundi vijana sikilizeni hii ni ya bure. Gari ya wazi huwezi kukata ukingo wa chini kabla hujachomelea bomba la mraba kuvuka uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya mbele mpaka ya nyuma, ili isilegee. Mimi najua hivyo. Nimefundisha watu hivyo. Upande wa kulia nikafanya hivyo. Upande wa kushoto ilikua Ijumaa jioni, umeme umerudi baada ya kukatika kutwa nzima, nikasema ngoja niwahi nikakata bila bomba. Gari ikakunja mgongo milimita chache tu mbele ya macho yangu, huisikii hata sauti. Nimekuja kuinua na jeki nikarudisha nikachomelea, lakini ule mlango wa kushoto kwa juu uwazi wake umezidi milimita tatu kuliko wa kulia. Unafunga vizuri, haugongi, ila mwenye jicho ataona. Mzee mwenzangu yule pale kaona kabla sijasema nimemuona anatingisha kichwa.

Kuna mtu ataniuliza kwanini sikuagiza bodi nzima. Kweli zipo, tangu 1988 kule Uingereza wanaunda bodi mpya ya MGB kutoka kwenye mitambo ya zamani, unaweka mzigo kwenye kontena unahamishia kila kitu. Ni kazi nzuri na sijawahi kusikia mtu analalamika. Kwanza sikua na hela hiyo. Halafu pia ningekua nawauzia gari mpya yenye kadi ya zamani, sasa hapo namba ya injini ndio ingekua tatizo letu dogo.

Vilivyo vya asili: geji zote za kwenye dashibodi, usukani, kabureta zote mbili za SU, giaboksi, ekseli, vioo, boneti. Zile rimu za spoku ni zake, nimebadilisha spoku kumi na tisa. Vilivyofanyika hapa mjini: viti nimeshonewa na fundi wa Keko ngozi nyeusi na uzi mweupe, huyo jamaa hajawahi kuona MG maishani nikampeleka kiti cha zamani chenye mavi ya kuku akakifumua kipande kipande akakata vipya kwa kuvifuatisha na leo mkae mtaniambia. Turubai la juu limekatwa Gerezani. Bomba la moshi limekunjwa Gerezani. Bampa zimepigwa nikeli upya, ya nyuma ina vishimo vidogo vya kutu ya zamani havikutoka, viko kwenye daftari.

Silinda hedi nimeifanyia kitu ambacho mjue. Hizi injini ziliundwa enzi za petroli yenye madini ya risasi, ile risasi ilikua inasaidia viti vya valvu visilike. Sisi kusini mwa Sahara tuliachana nayo mwanzoni mwa 2006, kwa hiyo nimetoboa na kuingiza viti vya chuma kigumu, jaza petroli kituo chochote usiwe na wasiwasi. Silinda zimechongwa saizi ya juu, pistoni mpya, krenki imepolishiwa.

Umeme. Aisee. Hii gari chanya ndio imefungwa kwenye bodi, kinyume na gari zenu zote zilizopaki hapo nje. Waingereza walikua nao na mambo yao, wakaja kugeuza 1967, hii yetu iliwahi kutoka mwaka mmoja kabla. Ni mimi niliyewaandikia mafundi wangu kwa chokaa ukutani CHANYA NI BODI, na ni mimi niliyefunga redio ya kisasa Jumapili moja baada ya pilau bila kufikiri. Ilipiga taarabu sekunde kama nne hivi. Moshi ukatoka kwenye spika. Ukurasa wa themanini na mbili, nyekundu tupu. Kwa hiyo redio haina, na anayetaka redio aje kwanza tuongee.

Spana zenu za Toyota hapa hazifanyi kazi. Nati ni za inchi. Spana ya milimita kumi na tatu itaingia kwenye nati ya nusu inchi utadhani umepatia kumbe inakula kona, na kumi na nne haiingii kabisa kwenye ile ya tisa ya kumi na sita ya inchi. Seti ya spana inakwenda na gari, na nyundo ya shaba pia, maana hizo rimu hazina nati nne, zina nati moja kubwa ya masikio katikati unaigonga na nyundo. Upande wa kushoto zinafunguka kawaida, upande wa kulia zinafunguka kinyume. Nilipata pancha pale Mwenge kijana wa kijiwe cha tairi akaanza kuigonga ya kulia anavyojua yeye, kila akigonga inakaza, anazidi kugonga kwa hasira, watu wamejaa wanahesabu. Sikumkataza mapema nikiri, nilikua nanunua maji.

Barabarani ikoje? Nguvu farasi 95 enzi zake. Kwa kulinganisha ile IST ya mke wangu ya cc 1500 ina nguvu kuliko hii, na ina eyasii, na inaingia kwenye mvua. Mnayetaka mbio kanunueni IST. Lakini hii uko chini, makalio yako yako kiganja kimoja na nusu kutoka kwenye lami, ukipita daraja la Tanzanite saa kumi na mbili asubuhi upepo wa bahari unaingia kila mahali na unasikia mpaka harufu ya samaki wa feri, hamsini unaiona themanini. Geji yenyewe inasoma maili kwa hiyo hata trafiki akikusimamisha mtabishana kwa hesabu. Gia namba moja haina sinkro, kile kinachosaidia gia iingie laini gari ikiwa inatembea, mpaka gari isimame ndio iingie, ukilazimisha italia na nitaisikia nikiwa hapa nyumbani. Kwenye foleni inapanda joto, nimeongeza feni ya umeme kwenye rejeta, sio ya asili, imefungwa kwa bolti nne tu anayechukia aifungue. Na mvua. Turubai la hii gari unatoa vyuma kutoka kwenye buti unavichomeka, unatandika, unavuta, unabana vifungo. Mimi niliyezoea inanichukua dakika sita. Masika ya Dar hayakupi dakika sita.

Sasa bei. Bei imeandikwa ukurasa wa mwisho kwa bluu. Wengi mmeshachungulia nimewaona.

Kuna mabosi watatu walishanipigia simu wiki hii na wote wametumia sentensi moja, fundi punguza maana injini sio yake. Nawajibu hapa mbele ya watu ili nisirudie. Kwa injini sipunguzi hata shilingi. Mnayesema ipunguzwe kwa sababu ya mpaka uliofungwa na lori la mkaa, hilo mimi siwezi kulilipa na marehemu alishalilipa. Lakini kwa ule mlango wa kushoto napunguza, ile ni haraka yangu mwenyewe, nimepiga hesabu ya fundi mzuri atakavyochukua kuufungua na kuurudisha na hiyo hela nimeshaitoa, angalieni chini ya bei kuna mstari. Vishimo vya bampa nimetoa pia. Redio nimetoa, ingawa haikuwepo kiwandani, ila waya zile niliziunguza mimi na nilizibadilisha mimi basi tu roho imenituma.

Na yule atakayenunua akitaka kwenda kubadilisha kibati nyumbani kwake usiku, gari ni yake, sitamfuata. Ila risiti ya mkaa nitakua nimetoa kopi, moja iko kwa yule mama Upanga.

Maswali baadaye. Sasa hivi naiwasha. Toeni watoto hapo nyuma, wewe mwenye suruali nyeupe toka kwenye bomba la moshi nakwambia mapema. Nageuza ufunguo hatua ya kwanza tu, nyamazeni kidogo msikie. Hiyo tiki tiki tiki nyuma huko ni pampu ya petroli, sio kitu kimeharibika, inajaza kabureta, zikijaa inanyamaza yenyewe ndio navuta choki. Subirini. Bado. Bado kidogo.

Mama Salma sogeza vitumbua.